Daftari la Madeni

Muulize mama lishe yeyote wa Dar es Salaam, "Mteja wako ni nani?" Atakutazama kwanza usoni, halafu miguuni, kuhakikisha kwamba wewe si mtu wa manispaa. Akisharidhika atakujibu kama Shangazi yangu alivyomjibu mwalimu wa semina: "Mwenye njaa."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu naye alicheka, maana alikuwa kijana mstaarabu, kisha akaendelea kugawa fomu zake. Mimi nilikuwa nimemsindikiza Shangazi kwenye ile semina ya ujasiriamali kwa sababu mbili. Kwanza, tuliambiwa kuna soda. Pili, miwani yake ilikuwa imevunjika mguu tangu Krismasi na alihitaji mtu wa kumjazia makaratasi. Fomu ilitaka tuandike umri wa mteja, jinsia yake, elimu yake, kipato chake kwa mwezi. Sina nia ya kuidharau. Aliyeitunga alijua kwamba mtu anayesema "namuuzia kila mtu" hajasema kitu. Lakini, jamani, nani anajua kipato cha mwezi cha mpiga debe? Yeye mwenyewe hajui. Anachojua ni kilichomo mfukoni mwake saa nne asubuhi, na kwa habari ya wali maharage hicho ndicho kinachotakiwa kujulikana.

"Andika chochote, baba, twende zetu," Shangazi akaninong'oneza. Nikaandika: miaka 18 hadi 60, wanaume na wanawake. Ni sawa na kuandika: binadamu.

Hatukwenda pale kwa starehe. Ilikuwa Aprili 2021. Mwanzoni mwa mwaka ule mabasi ya mikoani yalikuwa yamehama Ubungo kwenda kituo kipya cha Mbezi Luis, mbele huko ukishapita Kimara, barabara ile ile ya Morogoro. Na Shangazi alikuwa amepika Ubungo, hatua chache kutoka langoni, kwa zaidi ya miaka 20. Sufuria la wali lililokuwa likiisha kabla ya saa nane mchana likaanza kurudi nyumbani na wali wake. Tukala wali jioni, tukala wali asubuhi. Ukisikia kwa mama lishe wanakula na kusaza, ujue biashara inaumwa.

Juu ya hapo kulikuwa na kodi. Mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita kwa mkupuo, na miezi sita ya Shangazi ilikuwa inaisha Juni. Na chini ya kodi, kama panya chini ya kabati, kulikuwa na mkopo wa kausha damu wa laki tatu. Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua pale mama mmoja mwenye daftari jekundu alipoanza kuja kukaa kwenye benchi letu kila Ijumaa bila kuagiza hata chai.

Kila mtu alikuwa na ushauri ule ule: fuata mabasi. Na Shangazi alikwisha kuyafuata mara moja. Kazi hii aliianza Kisutu akiwa binti, zama zile mabasi ya mikoani yakipakia katikati ya mji, na yalipohamia Ubungo alibeba majiko yake akaenda nayo. Kwa hiyo si kwamba aliogopa kuhama. Ila alikuwa na swali moja ambalo washauri wetu hawakuwa na muda nalo. "Nahamia kwa nani?" Alikuwa analiuliza huku anachambua mchele, bila kumtazama mtu, na hakuna aliyelijibu. Wote walijibu swali la wapi.

Sasa nije kwenye daftari.

Ni daftari la kaunta, gamba jeusi, kurasa zimelowa mafuta hadi maandishi ya upande mmoja yanasomeka upande wa pili. Ndani yake hamna jina hata moja la kubatizwa. Kuna Konda Songea. Kuna Mrefu wa Tiketi. Kuna Yanga, na chini yake Yanga Mwingine. Kuna Baba Mapacha, Kofia, Jino, Deni la Pasaka (huyu alikula Pasaka, sijui ya mwaka gani, na jina likamganda). Kila mmoja ana mstari wake, chakula alichokula kwa kifupisho, bei, na mkwaju wa wino akishalipa. Mimi ninayejiita mwandishi sijawahi kuandika kitu chenye wahusika wengi namna hiyo, na kila mmoja akatambulika kwa maneno mawili. Nililichukua kwanza kwa kujiburudisha tu, usiku umeme ulipokatika, nikalisoma kwa tochi ya simu kama riwaya.

Kufika ukurasa wa kumi nikatafuta kalamu. Nilichukua miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2020, kabla balaa halijaanza, nikahesabu. Kulikuwa na mistari 214. Kila nisipomtambua mtu nilimuuliza Shangazi, naye akanieleza mpaka na ukoo wake. Wapiga debe na mawakala wa tiketi, 97. Makonda, madereva na utingo, 61. Wachukuzi wa mizigo, 30. Walinzi, 25. Wasafiri, 1.

Msafiri mmoja! Alikuwa dada wa Singida aliyekosa chenji alfajiri moja, akatuma shilingi 1,500 zake kwa konda wiki iliyofuata. Shangazi alimkumbuka hadi rangi ya mtandio.

Utasema, na ni kweli, kwamba msafiri hakopi, kwa hiyo hawezi kuonekana kwenye daftari la madeni. Nami nilisema hivyo hivyo. Shangazi akacheka. Msafiri, alisema, anakunywa chai amesimama, jicho moja kwenye kikombe na jingine kwenye basi. Ananunua mayai mawili na chapati ya kufunga kwenye gazeti. Wali hali. Anaogopa tumbo. Nani anataka kumwomba dereva asimame akachimbe dawa kabla hata Chalinze hawajafika?

Akaendelea kunieleza, na hapa nilikaa sawasawa maana ilikuwa historia ya mji. Enzi za Kisutu msafiri alikuwa mteja kwelikweli. Miaka hiyo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, hivyo yaliondoka alfajiri yote kwa pamoja, na mtu wa Mbagala aliyeogopa kuachwa alifika kituoni tangu jioni na vifurushi vyake akalala pale. Anayelala kituoni lazima ale. Siku hizi tiketi iko kwenye simu, bodaboda ziko saa yoyote, na msafiri anafika basi limekwisha kuwashwa. Abiria ni yule yule, nauli anatoa, safari anasafiri. Ila ile saa aliyokuwa akimpa Shangazi imekufa.

Kumbe ule umati wote wa Ubungo tuliokuwa tukiuita wateja ulikuwa mto tu unaopita. Waliokuwa wanakula ni wavuvi. Msafiri alimlipa wakala, wakala akamtoa mpiga debe, mpiga debe akaja kwetu na kusema "mama, leo nipe na nyama". Hela ya msafiri ilifika kwenye sufuria letu ikiwa imekwisha kupita mikono mitatu.

Hapa nitoke nje kidogo, wenzangu mnaoshika kalamu mtanielewa. Tukikaa sisi na kuulizwa tunamwandikia nani, tunasema "jamii". Nimesikia neno hilo kwenye kila kikao cha waandishi chipukizi nilichohudhuria, na mara nyingi limesemwa na mtu ambaye hadithi yake imesomwa na dada yake na mhariri. Jamii ndiyo ile fomu yangu: miaka 18 hadi 60. Marehemu Ben Mtobwa, yule wa *Dar es Salaam Usiku*, hakuishia kuandika. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mtu anayechapa kwa hela yake mwenyewe hawezi kukaa raha na neno "jamii". Karatasi inadaiwa, mashine inadaiwa, na lazima usiku ajiulize ni nani hasa, akitoka wapi kwenda wapi, atakayetoa noti mfukoni. Sijui kwa nini tunaona swali hilo ni la wachuuzi. Tuendelee.

Jumatatu moja tukapanda gari kwenda Mbezi, kudai. Mistari mingi ilikuwa haijapigwa mkwaju na Shangazi alisema deni halihami peke yake. Kituo ni kikubwa, kisafi, kila kitu kina mahali pake. Makonda walivyomwona! "Mama umetutupa!" "Mama tunakufa njaa huku!" Uongo mtupu, walikuwa wamenenepa. Watatu walilipa papo hapo, wawili wakatuma kwa simu, jumla tukapata shilingi 23,500. Konda Songea alisema atalipa akirudi Songea, kama anavyosema siku zote.

Huko tulimkuta jirani yake wa zamani, aliyekuwa akiuza supu benchi la tatu kutoka letu. Yeye alihama wiki ya kwanza kabisa. Benchi lake lilikuwa limejaa madereva na makonda, wanakunywa supu ya mbuzi na chapati kabla ya safari. Alifanya vizuri, na hadi leo yupo. Nilidhani Shangazi angeingiwa na wivu. Alisalimia, akanywa supu, akalipa, akanyamaza njia nzima. Tulipofika Kimara ndipo akasema: "Wateja wake wana magurudumu."

Hesabu ilikuwa hiyo. Muuza supu aliwalisha watu wa ndani ya basi, na basi lilipokwenda akaenda nao. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa miguu, wapiga debe na wachukuzi, na hao Mbezi hatukuwakuta. Yanga alikuwa anaendesha bodaboda Sinza. Kofia alirudi kwao Lushoto. Jino aliuza maji ya chupa kwenye foleni. Kumfuata nani sasa? Kuhamia Mbezi kulikuwa ni kutafuta kizimba, kulipa nauli ya watu wawili na masufuria, na kuanza kugombea makonda ambao wamekwisha kuzoea supu ya mtu.

Siku hiyo nililifikiria sana lile jengo la Machinga Complex, pale Ilala karibu na Karume. Lilifunguliwa 2010, ghorofa nzuri tu, vizimba kwa maelfu, na miaka ikapita vizimba vingi vikiwa vitupu. Watu walisema machinga ni wakorofi, hawapendi kupangwa. Mimi naona walikuwa wanajua kazi yao. Machinga anamuuzia mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi kwenda kutafuta soksi.

Zikabaki zile 25 za walinzi. Nilizirudia kwa sababu ya kitu kimoja kilichokuwa kinanisumbua. Kwenye safu ya chakula, wapiga debe wana "w.m." yaani wali maharage, au "u.s." ugali samaki. Walinzi karibu wote wana neno moja: "kip." Bei 1,000.

"Shangazi, kip ni nini?"

"Kiporo."

Nikamtazama.

"Wanaomba wenyewe," akasema, kama mtu anayejitetea. "Wakitoka lindo saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nina chai na maandazi, wao wanasema mama hakuna chakula? Basi nawapashia wali wa jana. Si wa kuuza, ni wa kusaidiana tu."

Wiki nzima nilikwenda naye tangu saa kumi alfajiri na daftari langu, nikakaa kwenye ndoo. Watu wa mwendokasi walipita wakikimbia. Mtu yule ana mikono miwili tu, mmoja wa simu na mwingine wa kushikilia bomba, chapati ataishikaje? Wanafunzi wa hosteli ya Mabibo hawakuonekana hadi mchana, na wao wana kalenda yao: boom likitoka wanakula kuku, likiisha wanagawana sahani. Lakini kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa moja, nilihesabu walinzi. Walitoka kwenye maghala ya upande wa Barabara ya Mandela, kwenye vituo vya mafuta, kwenye maduka, kwenye majengo ya ofisi. Sare za kijivu, za bluu, za kahawia, kila kampuni na rangi yake, wamebeba tochi na makoti. Siku ya kwanza niliwahesabu 38. Jumatano 44. Na upande wa pili wenzao walikuwa wanaingia zamu.

Mzee mmoja alisimama mbele ya kabati la chapati akalitazama kama mtu anayetazama dirisha la duka la wengine.

"Mama, ugali hakuna?"

"Ugali saa hizi, baba?"

"Kwangu saa hizi ni usiku."

Hakuwa anatania. Amekesha saa 12 na mbu, anakwenda nyumbani kulala, na mtu haendi kulala na andazi. Alikuwa amesimama Ubungo hiyo miaka yote, saa hiyo hiyo, ila umati wa abiria ulikuwa unamfunika.

Jumatatu iliyofuata Shangazi alisonga ugali saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jirani wa kuuza kahawa alidhani kuna msiba. Ugali, dagaa, mchicha, 1,500. Siku ile tuliuza sahani 6. Ijumaa, 19. Kufikia wiki ya nne zilikuwa 40 na kitu, na wengine walikuja jioni kabla ya kuingia zamu wakafungiwa chakula cha usiku kwenye vyombo vyao.

Usidhani hapo shida iliisha, maana ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mpiga debe anapata hela kila siku, kwa hiyo deni lake linakaa siku tatu. Mlinzi analipwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wa kampuni nyingine unaangukia tarehe 7. Kumpata mteja wa kila siku kumbe ni kumkopesha kila siku. Mistari ilikuwa inajaa, sahani zinatoka, na mkononi hakuna mshiko wa kununulia unga. Na yule mama wa kausha damu hana habari na mshahara wa mtu. Yeye ni kila Ijumaa. Kwenye ile fomu ya semina ningeongeza swali moja tu, na ningeliweka juu kabisa: analipwa lini?

Shangazi alilimaliza kwa namna yake. Aliuza kabati la vioo, lile la chapati na mayai, lililokuwa limesimama mbele ya benchi kwa ajili ya wasafiri. Alipata 180,000 kutoka kwa kijana anayehamia Mbezi. Hizo zote akampa mama wa daftari jekundu, akabaki na kipande kidogo cha deni kinachobebeka. Kwa walinzi akaweka utaratibu: nusu taslimu, nusu mwisho wa mwezi, na akishindwa mmoja, mwenzake wa lindo moja hapewi. Nilimwambia ni ukali. Akasema wao wenyewe ndio waliomshauri. Mwenye nyumba alikubali miezi mitatu badala ya sita baada ya kusuasua sana na kula mara mbili bure.

Halafu Oktoba ile ile wafanyabiashara wadogo wakatakiwa kuondoka kandokando ya barabara. Tukasogea nyuma, kwenye uchochoro ambao hata mbuzi hupita ubavu ubavu. Muuza matunda tuliyekaa naye alidumu wiki mbili. Tikiti lake lilihitaji macho ya mpita njia. Sisi siku ya kwanza uchochoroni nilihesabu sahani 41. Walinzi walikuja mmoja mmoja na tochi zao, wakiulizana njia.

Baadaye pale palipokuwa kituo cha mabasi pakaanza kujengwa lile jengo kubwa la biashara. Wakaja vibarua na mafundi, wenye njaa ya kweli, wakirudisha mjini lile neno ambalo lilitupa jina: "Mama nitilie! Mama niongeze!" Kila mtu akamwambia Shangazi anunue masufuria mengine mawili, aajiri binti. Aliwapikia, tena kwa furaha, na walilipa vizuri kila Jumamosi. Masufuria hakununua. "Hawa wanajenga," alisema. "Siku wakimaliza kazi yao vizuri, ndiyo siku wanayoondoka." Na ikawa hivyo.

Mimi huwa naenda bado, hasa nikiwa na hadithi iliyokwama. Nalichukua daftari, sasa ni la nne tangu lile la gamba jeusi, nasoma kurasa mbili tatu nikisubiri ugali. Karibu majina yote ni mapya. Tochi Mbili. Mzee wa Redio. Mmasai wa Benki. Kwenye ukurasa wa juzi, chini kabisa, kuna mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kulalia: Jengo Jipya, geti la nyuma. Kip. 1,000. Hajalipa.